Mpira unaisha wakati gani?

Wewe kijana unayepiga filimbi wakati watoto wa kartie wanacheza, na ninyi wazazi munaosimama kando ya kiwanja: tuzungumze juu ya dakika ya mwisho. Matusi na mawe mara nyingi yanatokea pale. Juu ya nini? Kwa sababu kila mtu anakuja na sheria yake mwenyewe.

Tuseme arbitri anapiga filimbi ya mwisho, mpira ungali hewani, kisha unaingia. Ni goli? Hapana. Mpira wote unapaswa kuvuka mstari mbele ya filimbi. Tarehe 3 Juni 1978, kule Mar del Plata, Argentina, Brazil na Sweden walikuwa 1-1. Kona ikapigwa, Zico akatia kichwa, mpira ukaingia. Lakini arbitri Clive Thomas alikuwa amekwisha kupiga filimbi. Wabrazil walilalamika sana, matokeo yakabaki 1-1. Basi, ukiona wakati umekwisha, maliza mchezo mbele kona haijapigwa. Ukiruhusu ipigwe, vumilia kidogo mpira utoke karibu na goli.

Na penaliti? Hapa sheria iko tofauti. Kama kosa limefanyika mbele ya mwisho, penaliti itapigwa hata saa imekwisha. Mpira ukigonga mti wa goli, ukamgusa kipa na kuingia, goli inahesabiwa. Lakini kipa akiurudisha uwanjani, hakuna mtu wa kuupiga tena: mchezo umekwisha. Waeleze watoto jambo hili mbele ya kupiga.

Namna gani kama umekosa saa, ukamaliza mapema? Kama hujatoka kiwanjani, ita watoto haraka, waendelee. Jirani yetu wa Zambia, Janny Sikazwe, alipatwa na jambo hili tarehe 12 Januari 2022 kule Limbe, Kameruni, Mali ikiongoza Tunisia 1-0. Alipiga filimbi ya mwisho dakika ya 85, wakaendelea, kisha akamaliza tena mbele ya 90 kutimia. Baadaye ekipe ziliitwa kurudi, Tunisia ikakataa. Matokeo yakabaki 1-0. Wakubwa wa waamuzi walieleza kwamba jua kali lilimwangusha. Mwaka ule ule alisimamia mechi ya Kombe la Dunia kule Qatar. Kosa moja halikumwondoa katika kazi.

Tena kuna giza. Kiwanja hakina taa, jua limezama, na watoto hawaoni mpira. Simamisha. Vilevile ekipe ikibaki na wachezaji chini ya 7, mechi ya watu 11 haiendelei. Lakini si kazi yako kumpa mtu ushindi: andika dakika na matokeo, wenye kutengeneza mashindano wataamua. Kama hawakuweka sheria nyingine, mechi inarudiwa.

Kwa hiyo, mbele ya kuanza, ita makapiteni wawili na wakubwa wao. Patana mbele yao: kila kipindi ni dakika ngapi, nani anashika saa, na giza likiingia tufanye nini. Dakika mbili za maneno zinaokoa ugomvi wa jioni nzima.

Na ninyi wazazi, mutoto wenu akishindwa kwa filimbi ya mwisho, musimkimbilie arbitri. Mara nyingi yeye pia ni mutoto wa mtu. Ulizeni kwanza: sheria inasema nini?