Kiwele Kikivimba, Tutafute Chanzo Kabla ya Dawa

Katika nyumba nyingi za Bumala, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, ng'ombe mmoja wa maziwa huwanywesha watoto, na ziada ikauzwa kulipia karo. Kiwele chake kikivimba, mama hukimbilia duka la dawa za mifugo. Pengine ng'ombe hupona. Pengine uvimbe hurudi, na fedha zimekwisha. Ndipo twasema: tujue kwanza ugonjwa umeingilia wapi.

Vyanzo vikubwa ni viwili. Kuna vijidudu viishivyo katika kiwele chenyewe, kama stafilokokasi, ambavyo hupita kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa mikono ya mkamaji au kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote. Hivi hujificha ndani kabisa, na dawa huvifikia kwa shida. Vingine, kama E. koli, hutoka katika tope na samadi. Hivi huweza kushika ghafla, ng'ombe akapata homa na maziwa yakawa kama maji. Basi wakiugua mmoja baada ya mwingine, tutazame mikono yetu. Akishikwa mmoja ghafla wakati wa mvua, tutazame zizi.

Kila asubuhi, tukame matone ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe cheusi. Mabonge, damu au majimaji yataonekana. Lakini ugonjwa mwingine hauonekani kwa macho. Kwa huo kuna kipimo cha California: maziwa huchanganywa na dawa ya majimaji, na yakiganda kama uji mzito, chuchu hiyo ina maradhi. Kipimo hiki hakitaji kijidudu. Hilo ni kazi ya maabara. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa yoyote, chuchu ikiwa imeoshwa, ikakaushwa na kupanguswa kwa spiriti, kisha ihifadhiwe penye baridi.

Hapa pana amana pia. Maziwa ya ng'ombe aliyetiwa dawa hayauzwi wala hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa, au alizotaja daktari wa mifugo, zitimie. Kuyachanganya na mengine ili hasara isionekane ni ghushi, na jirani anayenunua huyapeleka kwa mtoto wake.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha neema ya maziwa safi katika Suratun-Nahl. Usafi huo tuulinde kwa mikono yetu, inshaallah.