Simu za biashara nyumbani: Sheria yasemaje?

Mwananchi ameketi kula chajio na aila yake, simu inalia. Mtu asiyemfahamu anamwita kwa jina, kisha anaanza kumsifia bima au mkopo. Wengi hukata simu kwa hasira. Kesho yake inalia tena.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia habari za mtu kibiashara bila idhini yake, ila pale sheria nyingine inaporuhusu. Hivyo swali la kwanza kwa mpigaji liwe: nambari hii uliipata wapi? Aghalabu hapo ndipo ulimi humwia mzito. Kisha aagizwe kuifuta, na agizo hilo liandikwe pia kwa ujumbe mfupi, kwani neno la mdomo halina ushahidi.

Wakikaidi, malalamishi hupelekwa kwa Kamishna wa Data, anayepaswa kuyachunguza na kuyakamilisha katika siku 90. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia nambari ilizopata kwa watu wengine kupiga simu na kutuma jumbe za vitisho.

Anayekusudia kulalamika na anakili tarehe, saa na nambari ya kila simu, hata zile alizozikata.