Amplifaya ya Kwaya Ikinyamaza, Usikimbilie Fyuzi

Korosho zikishauzwa, kuanzia Masasi penye miamba mikubwa hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, arusi na mikutano ya injili huwa mingi. Kila penye spika kubwa pana amplifaya, na mara nyingi chombo hicho hulala nyumbani kwa mama mmoja wa kwaya, chumba kimoja na watoto. Siku kikinyamaza, kijana wa nyumbani huchukua bisibisi akakifungua. Hapo pana hatari ya kifo, na ndiyo sababu mimi muuguzi naandika habari za amplifaya.

Fyuzi ni dalili tu

Fyuzi iliyoungua ni kama homa: inatuambia kuna ugonjwa ndani. Ukiweka mpya ya kiwango kilekile nayo ikaungua papo hapo, usiweke nyingine. Wapo wanaozungushia karatasi ya ng'aring'ari ya sigara au waya mnene. Waya huo hauungui upesi. Badala yake huungua transfoma, na moto waweza kushika nyumba.

Fundi hupimaje?

Fundi mzuri huanza kwa maswali, kama tufanyavyo wodini. Ilizima ghafla? Ilitoa harufu? Ilibeba spika ngapi? Kisha huupitisha umeme kwanza katika balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye uzi ndani. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, mara nyingi kwenye diodi au transista za kutolea sauti. Transista moja ikifa huweza kuua wenzake, kwa hiyo fundi hupima zote pamoja na rezista zilizo karibu.

Kabla ya kurudisha spika, hupima mahali inapofungwa. Bila muziki, umeme wa moja kwa moja hapo uwe karibu na sifuri. Akikuta voti nyingi, spika ikifungwa itaungua koili.

Amplifaya ikivuma hata bila wimbo, huenda kapasita zimechoka au waya wa ardhi una hitilafu. Ikizima baada ya muda na kurudi ikishapoa, shaka ni joto: feni imezibwa na vumbi, au spika zimezidi. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4. Nne huwa omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi haziuwezi. Soma nyuma ya chombo kiwango kinachoruhusiwa.

Umeme unaobaki ndani

Jambo hili mwambie kijana wako leo: kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa, na katika amplifaya yenye nguvu waweza kupita voti 100. Fundi huumwaga taratibu kupitia rezista, kisha hupima kwa mita kuhakikisha umekwisha. Asiyekuwa na mita wala ujuzi asifungue.

Mtu akinaswa na umeme

Usimshike. Zima swichi kubwa au chomoa plagi kwanza. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu umsukume mbali kwa mti mkavu. Kama hapumui, ita msaada na mwanzie mara moja kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka. Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Najua Newala maji ni ya shida, lakini hapa usiyabanie. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Hata akiinuka na kucheka, mpeleke hospitali, kwa kuwa umeme waweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kidonda kidogo juu ya ngozi huficha kikubwa ndani.

Mama unayetunza chombo

Kiweke juu, mbali na watoto na ndoo za maji. Usikifunike kitambaa kikiwa kinafanya kazi. Umeme ukikatika, kichomoe. Kisirudishwe mpaka umeme utulie. Kikiharibika, andika kilivyoanza, umpelekee fundi maelezo hayo pamoja na chombo. Na kamati ya kwaya itenge fedha ya matengenezo mapema, ili kijana asisukumwe kufungua amplifaya usiku wa kuamkia arusi.