Mpime Mpishi Kabla ya Ukuta

Mtu wa kwetu anapojaaliwa kiwanja na riziki ya kujengea, jambo la kwanza analolishughulikia ni mlango wa mbele, kisha baraza ya kukalia wageni, kisha sebule na vyumba vya kulala. Na akiisha kuigawa nyumba yote kwa nadhari na mashauriano, kile kipembe kilichosalia, chenye kidirisha kimoja na mlango unaogongana na mlango wa choo, ndicho anachokiita jiko. Walakini katika nyumba hiyo hiyo ni vyumba vichache vitakavyotumika saa nyingi kama hicho, wala hakuna kitakachomchosha mtu upesi zaidi kikipangwa ovyo. Wageni huja na kurudi kwao, ilhali chungu huinjikwa kila siku ya Mungu.

Nakumbuka siku ambayo shangazi yangu alimwita fundi seremala aje kumtengenezea makabati mapya. Fundi alikuja na futikamba yake na penseli nyuma ya sikio, akaupima ukuta kwa urefu na kwa kimo, akaandika hesabu zake juu ya kipande cha ubao, akarudia kupima, kisha akasema yeye yu tayari kwenda kununua mbao. Shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, akamwambia pasi na kuinua macho, “Fundi, ukuta umeupima mara tatu. Mimi nitakayepika humu, mbona hujanipima hata mara moja?” Fundi akacheka akidhani ni mzaha, lakini shangazi aliweka nazi chini, akasimama, akakunja mkono kama mtu ashikaye kisu, akamtaka apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Ikawa sentimita 98. Meza yake ya zamani ilikuwa na kimo cha sentimita 95, na hapo ndipo sote tulipotambua kwa nini kila alipokata kitunguu mabega yake yalipanda karibu na masikio. Meza mpya ilifanywa ya sentimita 85, na malalamiko ya shingo yakaisha.

Katika maneno yale machache ya shangazi imo elimu nzima ya kupanga jiko: kwamba jiko hupangwa kwa kuufuata mwili wa mpishi na safari ya chakula, na kwamba kabati, ambalo wengi wetu huanza nalo, ndilo la kumalizia.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko aghalabu liliwekwa juu kabisa, ambako moshi hupotea angani bila ya kuwaudhi waliomo, na katika nyumba nyingine nyingi za pwani likawekwa uani, mbali na vyumba vya kulala. Chakula kilichopikwa kilitiwa katika susu iliyoning'inia darini, panya na sisimizi wasikifikie. Na nafaka ziliwekwa juu ya uchaga, palipofika moshi wa kuzikausha na kuwafukuza wadudu. Mpishi aliketi, na upawa, kata, kifumbu na ungo vikamzunguka kwa urefu wa mkono wake. Mashaka yalianza pale jiko lilipoingia ndani ya nyumba pamoja na bomba la maji, meko ya gesi na jokofu: mpishi akasimama wima, vyombo vikapanda ukutani, na vitu vilivyokuwa mkononi vikatawanyika katika pembe nne za chumba.

Taabu hiyo iliwafika watu wa Ulaya na Marekani kabla yetu. Mnamo 1912 bibi mmoja wa Marekani, Christine Frederick, alianza kuandika magazetini juu ya kazi za nyumbani, akihesabu hatua za mpishi kama vile wenye viwanda walivyohesabu harakati za wafanyakazi wao. Maandishi yake yalifasiriwa kwa Kijerumani, yakamfikia Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, ambaye mnamo 1926 alipewa kazi ya kubuni jiko la nyumba za watu wa kipato kidogo katika mji wa Frankfurt. Chumba alichopewa kilikuwa chembamba, upana wake haukufika mita 2 na urefu wake ulikuwa mita 3 na nusu hivi, naye akalitazama jiko la behewa la chakula la garimoshi, ambamo watu wachache hulisha abiria wengi, akaupima kila mwendo kwa saa. Akaweka droo za aluminiamu za mchele, sukari na maharagwe, kila moja na jina lake. Na chombo cha unga akakifanya cha mbao za mwaloni, kwa kuwa funza wa unga hawaupendi mti huo. Majiko kama 10,000 ya namna ile yalijengwa. Na la ajabu ni kwamba bibi huyo alikiri baadaye kuwa wakati ule yeye mwenyewe hakuwa mpishi. Kilichomwongoza ni nidhamu ya kupima kabla ya kuchora.

Hata hivyo tusiige kwa kufumba macho. Jiko la Frankfurt lilikuwa la mtu mmoja, na mtu wa pili akiingia walisukumana. Nasi tunajua kwamba katika nyumba zetu mmoja huchambua mchele, wa pili akakuna nazi, wa tatu akasimama mlangoni kuleta habari za mjini. Tuchukue kipimo chake, tuache ufinyu wake.

Basi na tuifuate safari ya wali wa nazi. Mchele hutoka ghalani, ukachambuliwa, ukaoshwa kwenye karo, yaani sinki kama tusemavyo siku hizi, ukaingia chunguni juu ya meko, ukapakuliwa sahanini. Na sahani, watu wakiisha kula, hurudi karoni. Jiko lililopangwa vema huifuata taratibu hiyo bila ya mpishi kurudi nyuma: mahali pa akiba na jokofu karibu na mlango, kisha karo, kisha meza ya kazi, kisha meko, kisha mahali pa kupakulia. Kati ya karo na meko ndipo panapofanyika kazi nyingi kuliko pote, kwa hiyo pale ndipo pa kuiacha meza ndefu iliyo tupu, isiyopungua sentimita 90 ikiwezekana. Anayeweka karo na meko pembe mbili za mbali humlazimisha mpishi kuvuka chumba na sufuria ya maji ya moto mkononi, na watoto wakipita miguuni.

Wataalamu husema ukichora mistari mitatu ya kuunganisha jokofu, karo na meko, utapata pembetatu, na kwamba kila upande wake uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla yake isizidi mita 8. Ikiwa fupi mno, watu hukanyagana. Ikiwa ndefu mno, mpishi hutembea safari nzima kwa ajili ya kitunguu kimoja. Chumba chembamba hufaa meza ya mstari mmoja, au miwili inayotazamana. Chumba cha mraba hufaa meza ya pembe, iliyokaa kama herufi L, ambayo huacha katikati wazi. Na chumba kikubwa kiasi huweza kuzungukwa pande tatu. Njia baina ya meza na meza iwe mita 1 kwa mpishi mmoja, na mita 1.2 palipo na wasaidizi. Wala tusisahau mbuzi: akunaye nazi huketi chini na kunyoosha miguu, naye ahifadhiwe kipande cha sakafu kisichopitiwa na watu, au iwekwe mashine ya kukunia mezani.

Sasa twaweza kumwita fundi wa makabati. Meza ya kazi iwe chini ya kiwiko cha mpishi kwa sentimita 10 hadi 15, na upana wake kutoka ukutani uwe sentimita 60. Chini kabisa paachwe upenyo wa kimo cha sentimita 10 wa kuingiza vidole vya miguu, kwani asiye na mahali pa kutia vidole husimama mbali, akainama, na kiuno kikalipa. Makabati ya ukutani yawe membamba, sentimita 30 hadi 35, yasije yakampiga mpishi kipajini, nayo yaanze sentimita 50 juu ya meza.

Ama kuhusu kuweka vitu, kanuni ni moja: kila kitu kikae pale kinapotumika kwanza, na kimo chake kifuate wingi wa kutumiwa. Vya kila siku viwe baina ya goti na jicho. Vizito viwe chini. Na yale masufuria makubwa ya shughuli, ambayo hushuka mara moja au mbili kwa mwaka, yapande juu kabisa. Sahani ziwe karibu na karo, miiko na makaango karibu na meko. Viungo, yaani iliki, mdalasini, karafuu, bizari na pilipili manga, wengi huvipanga juu ya meko kwa urahisi wa kuvifikia, na huko mvuke na joto huviondolea harufu; afadhali rafu ya pembeni yenye kina cha kopo moja tu, ili pasiwe na kopo linalojificha nyuma ya jingine likaja kugunduliwa limejaa fukusi. Kwa sababu hiyo hiyo, mchele mpya usimiminwe juu ya wa zamani.

Chini ya meza, mtoto wa meza, au droo kama wasemavyo mafundi, hulishinda kabati la mlango, kwa kuwa droo humletea mpishi vitu vyote mbele ya macho, na kabati humpigisha magoti akipapasa gizani. Lakini droo ina hila zake. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka moja pembeni, kando ya meko, nikaisifu kwa majirani. Siku ya kwanza ya kuitumia ikagonga mkono wa mlango wa tanuri, na mpaka leo haifunguki ila nusu. Kila mlango na kila droo ichorwe ikiwa wazi, si ikiwa imefungwa.

Mtungi wa gesi unataka neno lake peke yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutuama sakafuni. Basi kuufungia mtungi ndani ya kabati lisilo na tundu ni kuialika hatari. Mahali pake bora ni nje ya ukuta, wima na penye hewa. Na juu ya meko ya gesi pasiwe na kabati la mbao kwa umbali wa sentimita 75.

Mwisho ni mbao. Zile zilizofanywa kwa chenga za miti zilizoshindiliwa kwa gundi ni rahisi kwa bei na zapendeza dukani, lakini zikipata maji chini ya karo huvimba kama mkate, zisirudi tena. Kwa anayeishi karibu na bahari, ambako chumvi hula bawaba za chuma, ni busara kujenga miguu na meza kwa zege, kuweka marumaru au terazo juu, na kutia milango tu ya mninga au mvule na bawaba zisizoshika kutu. Kazi hiyo huvumilia deki za kila siku.

Basi, ewe unayejenga, kabla hujatoa kishika mkono cha fundi, nunua chaki ya bei ndogo. Chora sakafuni karo, meko, jokofu na meza kwa vipimo vyake vya kweli, mwite yule atakayepika humo, awe mkeo, mama yako au wewe mwenyewe, mpime kiwiko, kisha apike wali wa mawazo kuanzia kuchambua hadi kuosha sahani, nawe uhesabu hatua zake. Kufuta mstari wa chaki ni kazi ya tambara. Kuvunja zege ni kazi ya nyundo na fedha.