Tableti Darasani: Jinsi Mwalimu wa Lugha Anavyoweza Kumfikia Kila Mtoto

Ukiingia katika darasa la Gredi ya 3 wakati wa somo la Kiswahili, huenda ukakuta mtoto mmoja anasoma hadithi nzima bila kukwama. Mwenzake wa dawati moja bado anachanganya "ba" na "da". Wa tatu anazungumza Kiswahili kizuri kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani kwao, lakini kusoma hajui. Wa nne anatamka kila neno sawasawa ila haelewi maana, kwa kuwa nyumbani wanazungumza lugha nyingine. Wote wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja na somo la dakika 30.

Mwalimu akifundisha kwa kasi ya wanaojua, wengine wanaachwa. Akisubiri wanaojikokota, waliotangulia wanachoka na kuanza kelele. Hapa ndipo vishikwambi, ambavyo wengi wetu tunaviita tableti, vinaweza kusaidia. Lakini vinasaidia tu vikitumiwa kwa mpango.

Jambo hili si dogo. Kuanzia Gredi ya 4, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayefika hapo kabla ya kujua kusoma hapotezi somo la lugha peke yake. Anapoteza pia hisabati, sayansi na mengineyo, kwa sababu hawezi kusoma swali.

Tableti hizi zilitoka wapi?

Serikali ya kitaifa ilianza kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma mwaka wa 2016, ikilenga wanafunzi wa darasa la kwanza. Kabla ya hapo, mwaka wa 2015, mpango wa kusoma wa Tusome ulikuwa umeanza kote nchini. Chini ya mpango huo, maafisa wa mtaala walipewa tableti ili waketi darasani, wasikilize watoto wachache wakisoma na kurekodi matokeo papo hapo.

Katika Tusome, tableti ilimwonyesha mtu mzima mahali mtoto alipokwama. Kazi hiyo bado ina umuhimu mkubwa leo.

Hatua ya kwanza: kujua kiwango cha kila mtoto

Kabla ya kuwasha tableti hata moja, mwalimu humwita kila mtoto na kumsikiliza akisoma. Viwango vinavyotumika mara nyingi ni vinne: anayetambua herufi na silabi, anayesoma maneno, anayesoma aya fupi, na anayesoma hadithi na kujibu maswali.

Kuna pia kipimo cha kasi. Kigezo kilichowekwa nchini kwa mwanafunzi wa darasa la pili anayesoma kwa ufasaha ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mzazi asishangae kuona Kiswahili kina idadi ndogo. Maneno yetu ni marefu: "nitakupikia" ni neno moja, lakini Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kusema jambo hilo hilo. Na kasi peke yake haitoshi. Mtoto aulizwe pia alichosoma kinahusu nini.

Hatua ya pili: kugawanya dakika 30

Chukulia darasa lina wanafunzi 48 na tableti zinazofanya kazi ni sita. Haiwezekani kila mtoto kupata yake, na si lazima. Mwalimu anaweza kufanya hivi:

Dakika tano za kwanza, darasa lote husikiliza hadithi moja na kuizungumzia. Hapa hakuna aliye juu wala chini, maana hata asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kujibu.

Dakika kumi zinazofuata, wanaosoma aya na hadithi hukaa wanne wanne kwa tableti moja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuatilia, kisha wanabadilishana. Wakati huo mwalimu anaketi na watoto wa silabi na maneno, akitumia ubao, kadi za herufi na mdomo wake.

Dakika kumi nyingine wanabadilishana nafasi. Kundi la silabi linapata tableti na kusikiliza sauti ya herufi au hadithi fupi yenye sentensi moja kwa kila ukurasa. Waliotangulia wanaandika kuhusu walichosoma, naye mwalimu anapita akisahihisha makosa kama "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu".

Dakika tano za mwisho ni za kukusanya vifaa na kumsikiliza mtoto mmoja au wawili.

Katika mpango huu, faida kubwa ya tableti ni kwamba inalipa kundi moja kazi ya maana, ili mwalimu apate dakika kumi za kuketi na mtoto aliyeachwa nyuma. Kifaa hakiwezi kuona kwamba mtoto anakisia neno kwa kutazama picha. Mwalimu anaweza.

Kazi nyingine rahisi ni kurekodi sauti. Mtoto anajirekodi akisoma aya, anajisikiliza, kisha anarudia. Mwenye haya ya kusoma mbele ya wenzake hupata nafasi ya kukosea bila kuchekwa.

Kama hakuna intaneti je?

Shule nyingi hazina intaneti ya kutegemewa, lakini hilo halizuii kazi. Masomo yanaweza kupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha yakatumika bila mtandao. African Storybook, kwa mfano, hutoa hadithi za watoto bila malipo kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingi za Afrika, zikiwemo kadhaa za Kenya. Hadithi hizo zimepangwa kwa viwango vitano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu za kusomewa. Kwa hivyo makundi matatu yanaweza kusoma hadithi tofauti kwa wakati mmoja.

Mambo ya kuepuka

Makundi yasigeuke kuwa majina ya kudumu. Mtoto akijua yuko katika "kundi la wajinga", atakata tamaa. Mwalimu apime upya kila baada ya wiki chache na kuwahamisha walioendelea. Pia mtoto mmoja asishike tableti kila siku huku wengine wakichungulia. Na kuandika kwa kalamu kusiachwe.

Nani anahusika na nini?

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, na shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Swali kuhusu chekechea lipeleke kwa afisa wa elimu ya chekechea katika wadi yako. La shule ya msingi, mwone Mwalimu Mkuu au Bodi ya Usimamizi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema elimu hiyo ni bure na ya lazima katika shule za umma.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa wazazi

Je, shule yetu ina tableti ngapi, na ngapi zinafanya kazi? Nani huzichaji, na funguo za kabati anazo nani? Hutumika siku gani katika somo la lugha? Mtoto wangu yuko kiwango gani cha kusoma, na alipimwa lini?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Shule inayoweza kulijibu itajua la kufanya na tableti zake, hata zikiwa chache. Nawe usisubiri mkutano: leo jioni mpe mwanao ukurasa mmoja wa kitabu chake, umsikilize akisoma, kisha umuulize amesoma nini.