Gershwin alisikia harufu ya mpira ukiungua, kumbe ni uvimbe kwa ubongo

Ile ngoma "Summertime" ambayo wasanii wamerudia hadi basi, mwenye kuitunga ni George Gershwin wa Marekani. Jamaa alikuwa moto kinoma.

Sasa 1937, akiwa Los Angeles kwa shoo, anapiga piano, akili ikamtoka sekunde chache. Alikuwa anasikia harufu ya mpira ukiungua, na hakuna kitu kinaungua. Harufu ikawa inarudi, na kichwa kinauma vibaya. Mwezi wa sita alilazwa, wakaona ni mambo ya akili tu, wakamrudisha nyumbani. Julai akazima kabisa. Walipompasua kichwa wakapata uvimbe. Alikufa tarehe 11, miaka 38.

Hiyo harufu ilikuwa kifafa. Ndio, kifafa bila kuanguka.

Iko hivi: seli za ubongo huongea kwa stima. Uvimbe ukikua unazisumbua, zinaanza kutoa stima ovyo, kama waya zimegusana. Shoti ikipiga sehemu ya kunusa, unasikia harufu haipo. Ikipiga sehemu ya mkono, kidole kinaanza kurukaruka chenyewe. Ikipiga sehemu ya kuongea, maneno yanakwama mdomoni. Ikisambaa ubongo mzima ndio mtu anaanguka na kutetemeka, ile sisi wote tunajua. Na hata hiyo, mtaani tunasema amerogwa, anapelekwa kuombewa miezi sita huku kitu kinakua.

Usipanic lakini. Wengi wanaopata kifafa hawana uvimbe. Inaweza kuwa ajali ya kichwa ya kitambo, maambukizi, ama mlevi ameacha pombe ghafla. Ishu ni mtu mzima ambaye hajawahi, halafu inamshika mara ya kwanza. Huyo lazima aone daktari, na mara nyingi atahitaji kupigwa picha ya ubongo, CT ama MRI. Maombi yaendelee, lakini picha ipigwe.

Ikimshika mtu mbele yako, wacha hiyo kijiko. Usimtie kitu mdomoni na usimshikilie kwa nguvu. Toa vitu ngumu karibu naye, mlaze kwa upande, angalia saa. Ikipita dakika 5, hosi mbio. Na kama kuna mtu amesimama tu hapo na simu, amrekodi daktari aone, juu mkifika huko itakuwa imeisha.