Mwindaji ndiye tegemeo la kulungu wa Marekani

Hebu fikiria, msomaji, mnyama aliyekuwa mnene na mwenye manyoya ya kung'aa, sasa amesimama kando ya barabara mchana kweupe bila kumwogopa mtu. Mbavu zahesabika, udenda wamtiririka, masikio yamelegea. Huyo ni kulungu wa Marekani aliyeshikwa na ugonjwa wa kukondesha. Hauna dawa wala chanjo, na kila anayeugua hufa.

Ulionekana mara ya kwanza mwaka wa 1967 katika kituo cha utafiti huko Colorado. Leo umeenea katika majimbo zaidi ya 30 na umeingia Kanada. Kinachouleta si virusi wala bakteria, bali protini iliyoharibika umbo, iitwayo prioni, ambayo hutoboatoboa ubongo ukawa kama sifongo. Ni jamaa wa kichaa cha ng'ombe, ule ugonjwa uliowatia Waingereza kiwewe mwaka wa 1996. Prioni haifi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Hutoka na mate, mkojo na kinyesi, ikakaa udongoni miaka mingi ikimngoja mnyama mwingine aje kula majani.

Huenda unajiuliza mwindaji anaingiaje hapa. Sisi Kenya tulipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mtoto wa mjini akisikia mwindaji hufikiria jangili. Kule mambo ni vingine. Msimu wa vuli baba hutoka na bintiye, kila mmoja na kibali chake, na nyama wanayoipata huwekwa kwenye friza ikalisha nyumba muda mrefu.

Jambo kubwa wanaloombwa ni kupima. Kulungu anaweza kubeba ugonjwa huu mwaka mzima na zaidi huku akionekana hana hata mafua. Jimbo la Wisconsin liligundua mwaka wa 2002 kwamba limevamiwa, na liligundua kwa sababu ya kulungu waliopigwa na wawindaji. Siku hizi jimbo hilo hupima bure. Mwindaji huacha kichwa cha mnyama kwenye kibanda maalum, tezi za shingoni zikachukuliwa. Kazi ni kungoja majibu. Nyama imeshakatwa, watoto wanaiulizia, naye hana jibu. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama hii, lakini wakuu wa afya wanashauri kwamba ikipatikana na ugonjwa isiliwe. Kumtupa mnyama uliyemvizia kwenye baridi kali tangu alfajiri! Mimi siwalaumu wanaoona uchungu, ila wale wanaokwepa kupima ili wasijue, hao ndio wanaotia giza kazi nzima.

Kisha kuna mzoga. Ukimbeba kulungu mzima kwenye pikapu hadi wilaya nyingine, ukatupa ubongo na uti wa mgongo kichakani, umepanda ugonjwa pale. Kwa hiyo nyama hutolewa mifupa papo hapo, na mabaki hupelekwa jaa lililoidhinishwa. Mchinjaji huvaa glavu na hapitishi msumeno kwenye ubongo wala uti wa mgongo. Bucha naye huombwa asichanganye nyama ya mwindaji mmoja na ya mwingine.

Wengine hupenda kumwaga mahindi ili kulungu waje wenyewe. Kumbe wanapokusanyika na kula pahali pamoja, wanagawiana mate.

Linalozua ubishi hasa ni idadi. Wisconsin ilianza kwa kuua kulungu wengi katika maeneo yenye ugonjwa, lakini wenye mashamba na wawindaji wakalalamika, na mwaka wa 2007 serikali ikawaondoa wapigaji wake. Maambukizi yakapanda. Jirani zao wa Illinois waliendelea, na kwao ugonjwa ukabaki chini kwa miaka mingi. Madume huambukizwa zaidi ya majike, lakini wawindaji wengi hutaka dume liachwe lizeeke, liote pembe kubwa za kutundika ukutani.

Basi kama una mwana anayesoma Minnesota au Wisconsin na jirani akamletea paja la kulungu, mwambie ashukuru, kisha aulize kwa adabu kama mnyama alipimwa. Mwindaji mwangalifu hatakasirika. Atakuwa na majibu tayari, na kama hayajafika, paja likae kwenye friza kwanza.